Kutoga mdomo: kuanzia kumpata fundi hadi kidonda kipone

Mdomo si sikio. Ukitoga sikio, kidonda kinakaa nje, kinapigwa upepo na kukauka. Ukitoga mdomo unapata kidonda cha pande mbili: nje ni ngozi, na ndani ni nyama laini inayolowa mate, inayopitiwa na chakula, na inayosugua meno kila unapotamka neno. Watu wengi wanaoniuliza kuhusu jambo hili huanza na maumivu ya sindano. Sindano inauma kwa sekunde moja au mbili, macho yanatoa machozi, basi. Madhara ya kudumu yako kwingine: fizi zinazoshuka na meno yanayomeguka kwa sababu ya kipini kirefu kilichoachwa mdomoni baada ya uvimbe kuisha. Kwa hiyo utaona humu narudia suala la urefu wa kipini mara kwa mara, na ninafanya hivyo kwa makusudi.

Kutoga mdomo si jambo geni kwetu. Wanawake wa Kimakonde, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, walivaa ndonya, yaani kisahani cha kupamba mdomo, kwenye mdomo wa juu, na vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa kwenye ngoma, vinaionyesha ndonya hiyo wazi kabisa. Waturkana wa Kenya nao walitoga mdomo wa chini. Kwa hiyo ukiambiwa umeiga mambo ya watu wa mbali, unalo la kujibu. Lakini kidonda hakiangalii mila, kinataka usafi.

Hatua ya kwanza: jikague kabla ya kutafuta fundi

Anza na makovu yako. Angalia kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi, angalia ndewe za masikio ulikotogwa utotoni, angalia ulikowahi kujikata. Kama kovu lilituna, likawa gumu, likawasha, kisha likakua kupita ukubwa wa kidonda chenyewe, hilo ni keloidi. Watu weusi tunapata keloidi kwa urahisi zaidi, na mara nyingi hufuata ukoo, kwa hiyo uliza na nyumbani: mama, shangazi, kaka. Kama zipo kwako mwenyewe, ushauri wangu ni uache kabisa kutoga usoni. Keloidi ya usoni ni ngumu kutibu, na ikikatwa tu bila matibabu mengine mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Kuna wengine wanaopaswa kumwona daktari kwanza: mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye tatizo la moyo la kuzaliwa au vali bandia (bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kushambulia moyo), anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na yeyote ambaye kinga yake ya mwili iko chini. Mjamzito asubiri mpaka ajifungue. Mwenye fizi zinazotoka damu au jino bovu aanze kwa daktari wa meno, maana kutoboa mdomo wenye maambukizi ni kuyafungulia njia.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni jambo la kupanga mapema. Hutolewa kwa sindano tatu ndani ya miezi sita. Kama ulizaliwa kabla ya miaka ya mwanzoni ya 2000, ilipoingizwa kwenye chanjo za watoto wachanga Tanzania na Kenya, huenda hukuipata. Hakikisha pia kuhusu pepopunda.

Halafu angalia kalenda. Kidonda cha mdomo huchukua wiki 6 hadi 8 kutulia, na miezi 3 au zaidi kukomaa kwa ndani. Usitoge wiki moja kabla ya Ramadhani kama unafunga, kwa sababu utahitaji kusukutua mdomo mchana na kula kidogo kidogo. Usitoge kabla ya safari ya ufukweni, wala kabla ya kuanza kazi mahali ambapo utaambiwa uvue kipini. Kipini kikitolewa katika wiki za mwanzo, tundu linaweza kuziba ndani ya saa chache tu. Kama shule au mwajiri wako hakubali, suluhisha hilo kwanza, maana kuvua asubuhi na kuvaa jioni hakuwezekani.

Hatua ya pili: fundi na vifaa vyake

Nenda ukaone mahali bila kukusudia kutogwa siku hiyo. Uliza maswali, na fundi mzuri hatakasirika. Uliza hivi: "Kaka, vifaa vyenu mnavisafisha kwa kutumia kitu gani?" Jibu unalotaka ni otoklevu, ile mashine ya mvuke kama ya hospitali, inayopandisha joto hadi nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, au nyuzi 134 kwa dakika chache. Koleo na vipini vinavyotoka humo huwa ndani ya pakiti ya karatasi na plastiki yenye alama inayobadilika rangi. Ukiambiwa "tunachemsha" au "tunapaka spiriti", aga kwa adabu uondoke. Maji yanayochemka hayaui vijidudu vyote, na spiriti juu ya chuma haitoshi kwa kitu kinachoingia kwenye damu.

Sindano ni ya mtu mmoja, mara moja. Iwe ile yenye tundu katikati, ifunguliwe mbele yako, na ikishatumika iingie kwenye boksi gumu la sindano. Omba kuiona: "Naomba nione pakiti kabla hujaifungua." Glovu ziwe mpya, na fundi akishika simu au kitasa cha mlango katikati ya kazi, abadilishe nyingine.

Bastola ya kutogea masikio isikaribie mdomo wako. Nyingi zina sehemu za plastiki ambazo haziwezi kuingia kwenye otoklevu, na haichomi kama sindano, inasukuma hereni butu ipasue nyama kwa nguvu. Tena hereni yake ni fupi, haiachi nafasi ya uvimbe. Na kujitoga mwenyewe kwa sindano ya kushonea mbele ya kioo, nakuomba usifanye. Mdomo una mishipa mingi ya damu, na bila mazoezi sindano hupinda, hutokea kwenye fizi au huacha tundu la mshazari lisilopona vizuri.

Hatua ya tatu: chagua kipini

Kwa tundu jipya chukua kipini kilichonyooka, chenye kisahani bapa upande wa ndani na gololi au kito upande wa nje. Pete inavutia, najua, lakini inazunguka, inavuta kigaga ndani ya tundu na kuchelewesha kupona. Pete iache kwa ajili ya miezi ijayo.

Kuhusu madini, titani ya daraja la kupandikizwa mwilini ndiyo bora. Muulize fundi kama ina kiwango cha ASTM F136, na anayenunua kwa msambazaji wa kweli atakuonyesha cheti. Dhahabu halisi ya karati 14 au 18, isiyo na nikeli, inafaa. Chuma kinachouzwa kwa jina la "chuma cha upasuaji" kina nikeli ndani yake, na mwenye mzio wa nikeli atawashwa na kutoa maji wiki hadi wiki akidhani ni maambukizi. Fedha, shaba na vile vilivyopakwa rangi ya dhahabu visiingie kwenye kidonda kibichi.

Sasa vipimo. Unene wa kawaida ni milimita 1.2. Urefu wa kuanzia ni milimita 10 hadi 12 kufuatana na unene wa mdomo wako, na hapa wenye midomo minene wasione haya kuomba kirefu zaidi. Lazima kibaki na nafasi, kwa sababu siku ya tatu mdomo utakuwa umevimba, na kipini kifupi kitazama ndani ya nyama. Ila nafasi hiyo ni ya muda. Kabla ya kulipa, muulize fundi: "Nirudi lini kufupisha, na kipini kifupi ni bei gani?" Kama hajui unazungumzia nini, huyo si fundi wa mdomo.

Hatua ya nne: siku yenyewe

Kula vizuri saa moja au mbili kabla. Wengi wanaozimia kwenye kiti huwa wamekuja na njaa na hofu kwa pamoja. Usinywe pombe tangu jana yake, na usitumie aspirini kama daktari hajakuandikia, kwa kuwa vyote hivyo huongeza kutoka damu. Piga mswaki, futa rangi ya mdomo yote.

Fundi atakusukutulisha dawa ya mdomo, atasafisha ngozi, kisha ataweka alama kwa wino wa zambarau. Usiharakishe hapa. Keti wima, legeza mdomo, usitabasamu, uangalie kwenye kioo. Alama ikae kwenye ngozi chini kidogo ya mpaka wa mdomo, isipite kwenye ule mstari wenyewe. Kisha mwambie akuangalizie na ndani: kisahani kitagusa wapi? Kinapaswa kulala kwenye jino, kwenye sehemu yake ngumu. Kikilala kwenye fizi, au pale jino linapokutana na fizi, kitaisugua siku zote mpaka ishuke, na fizi iliyoshuka hairudi yenyewe. Kama alama inaangukia pabaya, ifutwe iwekwe upya. Hata mara tatu. Ni uso wako.

Baada ya hapo utaambiwa uvute pumzi, uitoe, na sindano inapita wakati unatoa. Kipini kinafuata nyuma yake. Matone machache ya damu ni kawaida. Damu inayochuruzika bila kukoma baada ya kubanwa kwa shashi safi dakika kumi na tano si kawaida, ni ya kwenda hospitali.

Hatua ya tano: wiki ya kwanza

Uvimbe hupanda hadi siku ya tatu, pengine ya tano, halafu unaanza kushuka. Nyonya vipande vidogo vya barafu iliyotengenezwa kwa maji safi. Paracetamol inatosha kwa maumivu, na ibuprofen husaidia uvimbe kama huna vidonda vya tumbo. Lala kichwa kikiwa juu kwa mito miwili, na foronya iwe safi.

Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto. Uji uliopoa, mtori, parachichi, viazi vya kuponda, mtindi ukifuatiwa na kusukutua mdomo. Weka kando pilipili, embe mbichi ya ndimu na chumvi, mahindi ya kuchoma, miwa, njugu, na chai ile inayotoa moshi. Kata chakula vipande vidogo, utafune kwa meno ya nyuma. Unapokula ugali kwa mkono, vidole vinafika mdomoni kila tonge, kwa hiyo wiki hizi tumia kijiko hata kama wenzako watakushangaa. Usinywe kwenye glasi ya mtu, usinyonye mrija (mvuto wake huamsha damu), na acha sigara, shisha na mirungi.

Kuhusu mapenzi nitasema wazi: mpaka kidonda kitulie, hakuna kubusiana kwa mate, na mdomo wako usiguse majimaji ya mwenzi wako kwa namna yoyote. Kidonda kibichi ni mlango wa virusi, hata kama mnaishi pamoja na mnaaminiana.

Usafi wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Nje, mara mbili kwa siku: nawa mikono kwa sabuni, lowesha shashi kwa maji ya chumvi, iweke juu ya tundu dakika mbili tatu hadi kigaga kilainike, kifute taratibu, kausha kwa shashi nyingine. Usitumie pamba, nyuzi zake hujisokota kwenye kipini. Taulo la bafuni usilitumie kabisa. Maji ya chumvi ya uhakika ni yale ya duka la dawa, sodiamu kloraidi ya asilimia 0.9, yaleyale yanayowekwa kwenye dripu. Omba chupa ndogo, maana chupa kubwa ikishafunguliwa haikai safi kwa siku nyingi. Ukikosa, chukua robo kijiko cha chai cha chumvi safi, koroga kwenye kikombe cha mililita 250 cha maji yaliyochemshwa yakapoa, utengeneze mapya kila siku. Usiongeze chumvi ukidhani itaponya haraka, itakausha nyama na kuichoma.

Ndani, sukutua kwa maji safi kila baada ya kula, na asubuhi na usiku tumia dawa ya kusukutulia isiyo na pombe. Mara nne au tano kwa siku zinatosha. Nunua mswaki mpya wenye nywele laini. Dettol, spiriti, haidrojeni peroksaidi, kitunguu saumu, dawa ya meno juu ya kidonda: vyote hivyo viache. Vinaua chembe mpya zinazojaribu kuziba kidonda, na unabaki na jeraha lilelile kila asubuhi.

Na usikizungushe kipini. Ushauri wa kuzungusha hereni ili isishike ni wa zamani na si sahihi. Kila ukizungusha unachana ngozi changa na kuingiza ndani kigaga chenye vijidudu. Ulimi nao ufundishe adabu, usikichezee kipini kwa ndani.

Ule ute mweupe au wa njano iliyofifia unaokauka kuzunguka kipini ni maji ya mwili yanayojenga kidonda. Usiubandue kwa kucha.

Hatua ya sita: rudi ukafupishe

Kati ya wiki ya pili na ya nne uvimbe huwa umeisha, na kipini kile kirefu kinaanza kucheza. Hapo ndipo wengi hujisahau, kwa kuwa hakiumi tena. Jiangalie kwenye kioo kutoka ubavuni: kama gololi inaning'inia mbali na ngozi, na unasikia kisahani kikigonga jino unapoongea, muda umefika. Rudi kwa fundi akubadilishie kipini kifupi cha milimita 6 hadi 8, kulingana na mdomo wako. Tundu bado ni bichi, kwa hiyo kazi hii ifanywe na yeye, kwa vifaa safi vilevile.

Kipini kirefu kinafanya mabaya mawili kwa wakati mmoja. Ndani kinapiga jino na kukwangua fizi. Nje kinayumba, na kuyumba huko ndiko kunakoleta kile kiuvimbe chekundu kando ya tundu ambacho watu hukiita keloidi kwa haraka. Vingi si keloidi. Ni mwasho, na vinanywea vyenyewe ndani ya wiki kadhaa ukishafupisha kipini na kuacha kukigusa. Kinachokua kuvuka mipaka ya kidonda bila kusimama, hicho kampelekee daktari wa ngozi mapema.

Bwawa la kuogelea, mto na bahari visubiri mpaka kidonda kitulie. Kwenye bodaboda angalia kamba ya helmeti isisugue. Vipodozi na mafuta ya mdomo yasifike kwenye tundu. Ukienda kuchangia damu, usishangae ukiambiwa urudi baada ya miezi kadhaa, huo ni utaratibu wa kawaida kwa waliotogwa karibuni.

Mambo yanayotaka daktari

Wekundu unaosambaa badala ya kupungua (kwenye ngozi nyeusi sana utauona kama weusi uliokoza, ngozi ikawa ya moto ukiigusa), usaha mzito wa kijani au njano wenye harufu, homa, tezi zilizovimba chini ya taya. Nenda kituo cha afya, na usivue kipini kabla ya kuonwa. Ukikivua, tundu linaziba juu na usaha unabaki chini. Usijinunulie antibiotiki kwa kukisia.

Kama kisahani kimezama na nyama inaanza kukifunika, ni siku hiyohiyo. Kama uvimbe umeshuka chini ya ulimi au shingoni, unashindwa kumeza au kupumua, usisubiri kupambazuke, nenda kitengo cha dharura.

Baada ya miezi mitatu

Kama hakuna maumivu, hakuna kigaga, na kipini kinateleza bila kuvuta ngozi, sasa unaweza kuvaa pete au kito kingine. Mara ya kwanza badilishia kwa fundi. Usikae bila kitu muda mrefu, kwa sababu hata tundu lililokomaa husinyaa ndani ya siku chache.

Kila siku unapopiga mswaki, nawa mikono na ukaze gololi: kuelekea kulia hukaza, kushoto hulegeza. Ukiimeza kwa bahati mbaya, mara nyingi hutoka yenyewe na choo. Ukipaliwa nayo na kikohozi kisikome, nenda hospitali ukapigwe eksirei. Mara moja kwa mwezi vuta mdomo mbele ya kioo, mwanga ukiwa mzuri, ulinganishe fizi ya mahali kisahani kinapolala na fizi ya jino la pembeni. Jino likionekana refu kuliko mwenzake, au likishtuka kwa maji ya baridi, mwone daktari wa meno, naye akikwambia ukitoe, kitoe. Litabaki kovu dogo kama nukta.